Shule ya Barbiana: Ni Nini Huifanya Shule Iwe ya Kikatoliki?

Shule nyingi za Kikatoliki hujitambulisha kwa mambo ambayo macho huyaona upesi: jina la mtakatifu langoni, msalaba juu ya ubao, sista au padre katika ofisi ya mkuu wa shule, sala ya asubuhi mstarini. Siku hizi limeongezeka jambo la tano, nalo ndilo linalotangazwa kwa sauti kubwa kuliko yote: matokeo ya mtihani wa taifa. Katika makala haya nataka kueleza historia ya shule moja ndogo ya kijijini, iliyoendeshwa na padre katika nyumba ya parokia, ambayo haikuwa na lango wala jina la mtakatifu, haikutoa alama, na wanafunzi wake walipoingia katika mitihani ya serikali waliingia kama watahiniwa wa nje. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba katika karne ya 20 ni shule chache za Kikatoliki zilizojiuliza kwa uchungu kama hiyo maana ya kuwa shule, na maana ya kuwa ya Kikatoliki.

Shule hiyo ni Barbiana, katika milima ya Mugello, kaskazini ya mji wa Firenze nchini Italia. Naileta mbele ya wasomaji wa ukurasa huu kwa sababu mbili. Kwanza, swali lililoizaa ni swali letu pia: mtoto wa mkulima anapofeli, ni nani aliyefeli? Pili, kitabu kilichoitangaza shule hiyo duniani kilitoka Mei 1967, miezi miwili tu baada ya Mwalimu Nyerere kutoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967. Maandiko hayo mawili hayakutegemeana kwa lolote. Lakini watu waliokuwa mbali sana, mmoja akiwa Ikulu na wengine wakiwa watoto wa wachungaji wa kondoo mlimani, walikuwa wakiishitaki shule ya aina moja: ile inayowachukua wengi ili iwachague wachache.

Padre aliyetupwa mlimani

Lorenzo Milani alizaliwa Firenze tarehe 27 Mei 1923, katika familia tajiri ya wasomi isiyoshika dini. Mama yake, Alice Weiss, alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Babu mzaa bibi yake, Domenico Comparetti, alikuwa miongoni mwa wanazuoni wakubwa wa lugha za kale nchini Italia. Kijana huyo alijifunza uchoraji, kisha mwaka 1943, katikati ya vita, akaongoka na kuingia seminari. Alipewa upadre Julai 1947, akapelekwa kuwa paroko msaidizi huko San Donato di Calenzano, mji wa wafanyakazi wa viwandani na wakulima karibu na Firenze.

Huko aligundua jambo lililomsumbua maisha yake yote. Waumini walibatizwa, waliungama, walioa kanisani, walizikwa na kanisa, lakini maneno ya mahubiri yaliwapita juu ya vichwa. Mtu asiyemiliki lugha, aliona Milani, hawezi kuimiliki Injili, wala mkataba wake wa kazi, wala kura yake. Kwa hiyo kabla ya kuongeza ibada aliongeza darasa: alifungua shule ya jioni ya vijana wafanyakazi. Italia ya wakati ule ilikuwa imegawanyika kati ya chama cha Wademokrasia wa Kikristo na Wakomunisti, na mgawanyiko huo uliingia hadi ndani ya nyumba. Milani aliwataka vijana wa pande zote mbili. Ili kijana wa familia ya Kikomunisti asione kwamba ametegewa mtego, padre aliuondoa msalaba ukutani mwa darasa.

Tendo hilo lilizungumzwa sana na limebaki likizungumzwa. Walioliona kwa juu walisema padre ameikana imani yake. Yeye aliona kwamba imani isiyoaminika bila alama ya ukutani haitaaminika kwa sababu ya alama hiyo. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa maana nitalirudia.

Mwaka 1954 paroko mzee wa San Donato alifariki. Msaidizi wake hakurithishwa parokia. Badala yake, Desemba mwaka huo, wakuu wa jimbo walimpeleka Barbiana, parokia ya watu wachache waliotawanyika katika mteremko wa Monte Giovi. Hapakuwa na barabara ya gari hadi kanisani, hapakuwa na umeme, hapakuwa na maji ya bomba. Palikuwa na kanisa, nyumba ya padre, makaburi madogo, na nyumba za wakulima zilizoachana kwa mwendo mrefu wa msituni. Wengi wao walilima kwa desturi ya kale ya Toscana, mwenye shamba akichukua sehemu ya mavuno na mlimaji akibaki na sehemu. Kumpeleka mahali hapo padre wa miaka 31, msomi na mwenye maneno makali, kulikuwa ni kumnyamazisha. Yeye alijibu kwa namna yake: muda mfupi baada ya kufika alinunua sehemu ya kaburi lake katika makaburi ya Barbiana. Maana yake ilikuwa wazi kwa wakulima na kwa askofu vilevile: sikuja hapa kusubiri uhamisho.

Siku ya shule

Watoto wa Barbiana walimaliza shule ya msingi, kisha wakarudi kwa kondoo. Waliobahatika kuendelea walishuka bondeni, wakarudishwa darasa mara moja au mbili, wakaacha. Milani alianza na wavulana wachache katika chumba cha nyumba yake, na mwaka 1956 akaanzisha masomo ya mfululizo ya baada ya shule ya msingi. Shule ilikuwa ya saa 12 kwa siku, siku 365 kwa mwaka. Hapakuwa na likizo, kwa sababu likizo ya mtoto wa mkulima si mapumziko. Ni zizi na jembe. Watoto wenyewe walisema waziwazi kwamba shule, hata ikiwa ngumu namna gani, ilikuwa afadhali kuliko kuzoa samadi.

Hapakuwa na alama, hapakuwa na ripoti za muhula, hapakuwa na kurudia darasa. Mtoto asiyeelewa ndiye aliyekuwa mkubwa darasani: somo lilisimama hadi aelewe. Aliyejua alimfundisha asiyejua, hata kama tofauti yao ya umri ilikuwa mwaka mmoja, na mvulana wa miaka 13 au 14 alikuwa mwalimu kamili wa wadogo zake. Walisoma gazeti kila siku, mstari kwa mstari, wakisimama kwenye kila neno gumu: limetoka wapi, nani hulitumia, na humficha nani. Walijifunza lugha za kigeni kwa sahani za santuri na kwa wageni waliopanda mlima. Mgeni yeyote, awe profesa au fundi, aliwekwa kiti mbele ya watoto na kuhojiwa bila heshima za bure. Walitengeneza meza zao na vyombo vyao vya kujifunzia katika karakana ya mbao na chuma. Walichimba kidimbwi cha kuogelea, kwa sababu mtoto wa mlimani huyaogopa maji. Walipofikia umri wa kufaa, wengi walitumwa nchi za nje, kama Uingereza na Ujerumani, wafanye kazi na kurudi na lugha. Padre alitaka kijana aliyewahi kumwogopa mhudumu wa duka la Vicchio ajue kwamba anaweza kuishi London.

Ukutani waliandika maneno mawili ya Kiingereza: I care. Kwa Kiswahili tungesema: linanihusu, nalijali. Walieleza kwamba ni kinyume cha msemo wa Wafashisti wa Italia, uliojisifu kwamba mtu hajali lolote.

Njia yao ya kuandika inastahili kuelezwa, kwa sababu nafikiri hata vyuo vikuu vingeweza kuiiga. Mwaka 1963 mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Mario Lodi, aliitembelea Barbiana, na baada ya hapo wanafunzi wake na wa Milani wakaanza kuandikiana barua. Kutokana na kazi hiyo Barbiana ilikamilisha uandishi wa pamoja. Kila mmoja huandika mawazo yake katika vipande vya karatasi, wazo moja kipande kimoja. Vipande hukusanywa mezani, vinavyofanana hutolewa, vinavyohusiana huwekwa fungu moja, mafungu hupangwa kuwa sura, kisha kila sentensi husomwa kwa sauti na kupunguzwa maneno hadi mtu wa kawaida aielewe kwa mara ya kwanza. Hapana sentensi ya mtu mmoja, na hapana sentensi ambayo mdogo wa darasa haielewi.

Mbele ya Kanisa na mbele ya mahakama

Shule ndogo haikubaki siri. Mwaka 1958 Milani alichapisha Esperienze pastorali, kitabu kikubwa kuhusu uchungaji wake wa San Donato, chenye hesabu za mahudhurio ya ibada na viwango vya elimu vya waumini. Kilikuwa kimepata kibali cha Kanisa, lakini Desemba mwaka huohuo Ofisi Takatifu ya Vatikani iliagiza kiondolewe madukani. Padre alitii. Hakuliacha Kanisa wala hakuanzisha lake, aliendelea kufundisha.

Mwaka 1965 makasisi wa jeshi wastaafu wa Toscana walitoa tamko la kuwaita waoga vijana waliokataa kuchukua silaha kwa sababu ya dhamiri, ambao wakati huo walifungwa gerezani. Tamko hilo lilisomwa darasani Barbiana kama ilivyokuwa desturi. Milani na wanafunzi walipitia historia ya vita za Italia moja baada ya nyingine, wakiuliza ni ipi iliyokuwa ya haki, kisha wakajibu kwa barua ya wazi. Mmoja wa watoto wa kikoloni lazima alitazame jambo hili kwa makini, kwa kuwa katika orodha hiyo kulikuwemo uvamizi wa Ethiopia. Padre alishitakiwa kwa kuchochea uhalifu. Akiwa mgonjwa, hakuweza kwenda Roma. Aliwaandikia mahakimu barua akieleza kwamba mwalimu hawezi kuwafundisha vijana kutii tu, bali lazima awafundishe kwamba kila mmoja anawajibika kwa analolitenda. Februari 1966 mahakama ya Roma ilimwachia huru. Upande wa mashitaka ulikata rufaa, na rufaa ilipoamuliwa mwaka 1967 mshitakiwa alikuwa ameshafariki.

Barua ya watoto wanane

Kitabu cha Mei 1967 kinaitwa Lettera a una professoressa, yaani barua kwa mwalimu wa kike wa sekondari. Jalada lake halina jina la Milani. Mwandishi ni Shule ya Barbiana. Waliokiandika ni wavulana wanane. Chanzo chake ni wenzao wawili waliokwenda kufanya mtihani wa chuo cha ualimu na kuanguka.

Tuelewe mazingira yake. Sheria ya Desemba 1962 ilikuwa imeunganisha shule za kati za Italia na kuwataka watoto wote wasome hadi miaka 14. Kabla yake, mtoto wa miaka 11 alitenganishwa: huyu kwa Kilatini na chuo kikuu, yule kwa ufundi na kazi. Kisheria, basi, mlango ulikuwa wazi. Vijana wa Barbiana walikwenda kuhesabu nini kinatokea nyuma ya mlango huo. Walichukua takwimu za serikali, wakafuatilia kundi moja la watoto mwaka hadi mwaka: walioanza, waliorudishwa darasa, walioacha, na kazi ya baba wa kila kundi. Wakawapa majina watoto wawili wa mfano, Gianni wa mkulima na Pierino wa daktari, na kuonyesha kwa majedwali kwamba mtihani uleule ukitolewa kwa watoto wasiofanana huzaa dhuluma iliyovaa joho la haki. Kazi yao ya takwimu ilitunukiwa na Chama cha Fizikia cha Italia.

Madai yao yalikuwa matatu: msiwafelishe watoto katika elimu ya lazima, wanaoonekana wazito wapeni shule ya kutwa nzima, na wanaoonekana wavivu wapeni lengo. Chini ya hayo lilikuwako dai la nne, la lugha. Ibara ya 3 ya Katiba ya Italia inasema raia wote ni sawa bila kujali lugha. Vijana walionyesha kwamba shule ilifanya kinyume: iliitukuza lugha ya sebule ya daktari na kuisahihisha kwa wino mwekundu lugha ya mlimani.

Milani alifariki Firenze tarehe 26 Juni 1967, mwezi mmoja hivi baada ya kitabu kutoka, akiwa na miaka 44. Alizikwa Barbiana. Shule haikuishi muda mrefu baada yake. Vatikani iliondoa kizuizi cha kitabu chake cha kwanza mwaka 2014, na Juni 2017 Papa Fransisko alipanda mlima akasali kaburini pake.

Kasoro zisifichwe

Sipendi historia ya watakatifu inayofuta madoa. Barbiana ilikuwa shule ya mtu mmoja mwenye mkono mzito. Milani hakuficha kwamba alitumia viboko, na hilo hatuwezi kulitetea leo. Wasichana walikuwa wachache, na vijana wenyewe waliandika kwamba wazazi hawakuona haja ya kumsomesha binti. Saa 12 kwa siku haziwezekani kwa mwalimu mwenye familia na mshahara wa serikali. Na shule inayokufa pamoja na mwalimu wake haijapata kuwa taasisi.

Lakini kipimo cha shule ni watu wake pia. Michele Gesualdi, aliyelelewa na padre huyo nyumbani kwake, alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi na baadaye rais wa Mkoa wa Firenze. Ndugu yake Francesco alianzisha kituo kinachochunguza mienendo ya makampuni makubwa na haki za wafanyakazi duniani. Hawakupanda ngazi na kuivuta juu.

Nasi tunajifunza nini?

Shule ya Kikatoliki ya kijijini ina historia ndefu kwetu. Kabla ya Uhuru, watoto wengi walikutana na herufi ya kwanza katika shule ya kigango, chini ya paa la nyasi, mbele ya katekista ambaye mwenyewe alisoma miaka michache tu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizifanya shule hizo kuwa mali ya umma. Baadaye Kanisa lilirudi katika utoaji wa elimu, na leo lina shule zinazosifika kwa nidhamu na ufaulu. Nyingi ni za bweni na za ada. Nafahamu sababu zake: mishahara hailipwi kwa sala, na ruzuku hakuna. Hata hivyo ni haki kuuliza: mtoto wa katekista wa leo anaweza kusoma humo? Na akiingia akashindwa kufikia wastani uliowekwa, anasimamishiwa somo hadi aelewe, au anaandikiwa barua ya kuhama kabla hajaharibu matokeo ya shule? Desturi hiyo ya mchujo inajulikana, na haiko katika shule za dini peke yake. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora. Ulikuwa uamuzi mzuri, lakini jedwali lililoondolewa gazetini bado limo katika mabango ya barabarani na katika vichwa vya wazazi.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya Kanisa. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za umma. Mlango umefunguliwa, kama ulivyofunguliwa Italia mwaka 1962. Nyuma ya mlango mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anakutana na karibu masomo yote kwa Kiingereza. Katika kazi yangu ya kufundisha chuo kikuu nawaona waliopenya. Ni hodari. Lakini wengi wao hunyamaza katika semina, si kwa kukosa wazo, bali kwa kukosa lugha ya kulivika. Waliokwama kidato cha pili siwaoni kabisa. Barbiana haikuzichukia lugha za kigeni. Ilizifundisha kwa bidii kuliko shule za mjini. Ilichokataa ni lugha kugeuzwa chekeche.

Hapa narudi kwenye ule msalaba wa San Donato. Padre aliyeuondoa ukutani hakuwa na Ukatoliki pungufu kuliko wale waliouacha uning'inie juu ya darasa lililomfukuza mtoto wa mkulima. Utambulisho wa shule ya Kikatoliki umo katika jibu la swali moja: ni nani ambaye haiko tayari kumwacha? Yule mchungaji wa Injili aliyewaacha kondoo 99 hakufanya hivyo ili kulinda wastani.

Nina pendekezo dogo, linaloweza kutekelezwa na bodi yoyote ya shule na na ofisa elimu yeyote bila bajeti mpya. Kila mwaka, kabla ya kutangaza waliopata daraja la kwanza, tangazeni hesabu mbili: walioanza kidato cha kwanza, na waliofika kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne. Kisha andikeni majina ya waliopungua katikati, na mbele ya kila jina sababu ya kuondoka na mahali alipo sasa. Watoto wanane wa mlimani waliifanya hesabu hiyo kwa nchi nzima, kwa kalamu na vipande vya karatasi. Sisi wenye kompyuta na shahada za uzamivu tuna udhuru gani?